Pampu ya Kamba kwa Kisima cha Shamba



Ukulima wa mikarafuu huanzia kitaluni, na kitalu huishi kwa maji. Mche mchanga wa mkarafuu hupenda kivuli na udongo wenye unyevu. Ukikosa maji kwa siku chache wakati wa jua la kaskazi hunyauka, na kazi ya miezi mingi hupotea. Wengi wetu tuna visima mashambani, lakini kuteka kwa ndoo maji ya miche mia tano ni kazi ya kuchosha, na aliyechoka humwagilia nusu. Kwa hiyo twaeleza hapa pampu ambayo mwanachama aweza kuitengeneza mwenyewe akisaidiwa na fundi wa kijijini. Tutaanza na habari za bara, kwa kuwa huko somo la pampu lilipatikana kwa gharama kubwa.

Sola ni kata ya wilaya ya Maswa, mkoa wa Simiyu, katika nchi ya Wasukuma. Mkoa huo ulianzishwa mwaka 2012. Kabla ya hapo Maswa na Bariadi zilikuwa wilaya za mkoa wa Shinyanga. Ni nchi ya pamba, mtama na ng'ombe. Mvua yake ni chache kuliko yetu, na kiangazi kikiingia mito hukauka, watu wakafukua mchanga wa mtoni kutafuta maji. Bwawa la Zanzui, liitwalo pia New Sola, lilijengwa ili kuupatia maji mji wa Maswa. Lakini vijiji vilivyo mbali na mabomba hutegemea visima.

Mwaka 1971 serikali ya Tanzania iliweka mpango wa miaka 20 wa kuwafikishia watu wa vijijini maji safi, kila mtu ayapate kwa mwendo usiozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Kati ya 1974 na 1978 Uholanzi ilisaidia kuchimba visima vifupi katika mkoa wa Shinyanga, na pampu za mkono zenye kichwa cha mbao zikatengenezwa huko huko. Fikira ilikuwa njema. Lakini pampu yoyote huchakaa. Ngozi ya pistoni huisha, fimbo hukatika, na miradi ikishafungwa gari la mafundi haliji tena. Ndivyo ilivyokuwa kwa pampu nyingi za mkono nchini na kwingineko Afrika: kipande kidogo kilichokosekana kiliwarudisha kina mama kwenye shimo la mchangani.

Somo lake ni hili: pampu bora ni ile ambayo anayeitumia aweza kuitengeneza siku inapoharibika. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Kwa nini pampu ya kuvuta hushindwa

Mtu akitaka kuunda pampu, kwanza hufikiri ile ya kuvuta maji kutoka juu. Yafaa ijulikane kwamba pampu hiyo haiyavuti maji kwa nguvu zake. Inaondoa hewa ndani ya bomba, na uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji yapande. Uzito huo hauwezi kuyainua maji zaidi ya mita 10 hivi, na kwa pampu ya kuunda nyumbani, isiyokosa kuvuja hewa, hata mita 7 ni shida. Kisima kikiwa kirefu kuliko hapo, kazi yote ni bure. Maji ya kisima kirefu hayana budi kuinuliwa kutoka chini.

Pampu ya kamba na vipande vyake

Pampu ya kamba huyainua maji kutoka chini. Asili yake ni ya kale. Wachina walitumia pampu za mnyororo karne nyingi zilizopita. Katika miaka ya 1980 iliboreshwa na kuenea sana Nikaragua, na katika miaka ya 2000 mafundi wa Njombe walianza kuitengeneza. Vipande vyake ni hivi:

1. Gurudumu. Kateni kuta za pembeni za tairi kuukuu la gari, mzifunge pamoja mgongo kwa mgongo, ili pawe na mfereji wa kushika kamba. Ekseli na mkono wake ni wa bomba la chuma, na huzunguka juu ya mbao ngumu zilizopakwa grisi.

2. Kamba. Iwe ya nailoni, unene wa milimita 5 au 6, iliyoungwa ncha mbili ikawa duara moja. Kamba ya usumba haifai, kwa kuwa huvimba na nyuzi zake huchanganyika na maji.

3. Vizibo. Hukatwa duara kwa mpira wa tairi, vikatungwa kwenye kamba kila baada ya mita 1, na fundo juu na chini ya kila kimoja. Kizibo kiwe chembamba kidogo kuliko tundu la bomba, kipite bila kukwama.

4. Bomba la plastiki, linaloshuka mpaka majini. Mdomo wake wa chini upashwe moto na kupanuliwa, vizibo visijikwae. Juu ya kisima liungwe na bomba pana zaidi lenye mdomo wa pembeni, maji yatokee hapo.

5. Jiwe la chini. Ni tofali la saruji lenye njia laini, ambapo kamba hupinda na kuingia katika bomba.

Mtu akizungusha mkono, kamba hushuka upande mmoja na kupanda upande wa pili ndani ya bomba, kila kizibo kikibeba maji yaliyo juu yake. Maji kidogo huvuja, lakini kizibo kinachofuata huyapokea.

Kisima kikizidi kina, bomba lipungue upana, kwani anayezungusha hubeba uzito wa maji yote yaliyomo bombani. Bomba lenye tundu la milimita 32 kwa kina cha mita 10 hubeba kilo 8. La milimita 25 hubeba kilo 5. Kwa mita 20 chukueni la milimita 20, ambalo hubeba kilo 6 na kidogo. Bomba la milimita 25, kamba ikienda mita moja kwa sekunde, hujaza debe kwa muda wa dakika moja hivi.

Tahadhari

Wekeni kizuizi cha kulishika gurudumu lisirudi nyuma, maana mkono wa chuma ukirudi kwa nguvu huvunja mkono wa mtu. Funikeni kisima kwa zege, na choo kiwe mbali, si chini ya mita 30. Maji ya kunywa yachemshwe.

Wako wanaoteremsha mashine ya petroli ndani ya kisima ili iyafikie maji. Msifanye hivyo kamwe. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo rangi wala harufu. Hujaa kisimani na kumwua aliyeshuka, na anayeshuka kumwokoa humfuata.

Mwisho, visima vilivyo karibu na pwani visitekwe kupita kiasi. Maji matamu yakipungua, ya chumvi hupanda kuchukua nafasi yake, na mche wa mkarafuu hauyavumilii. Onjeni maji kila wiki, na mkihisi chumvi, pumzisheni kisima.

Mwanachama aliye na tairi kuukuu nyuma ya nyumba basi ameshapata kipande cha kwanza. Aanze sasa, ili kaskazi ijayo iikute pampu yake inazunguka.