Yu Macho, Haitiki: Picha za Ubongo na Wajibu wa Kimaadili kwa Mgonjwa

Makala haya yanachunguza suala moja linalozikutanisha falsafa ya maadili na tiba ya ubongo: je, kugundua kwamba mgonjwa asiyeitika ana utambuzi kunatosha kutuambia tumtendee nini?

Mwaka 1972, Bryan Jennett na Fred Plum waliipa jina hali ya mgonjwa ambaye, baada ya ubongo kuumia, hufumbua macho, hulala na kuamka, lakini haoneshi dalili ya kujitambua wala kuutambua ulimwengu. Jina hilo la Kiingereza linakaribia mno kumfananisha mtu na mmea, na mwaka 2010 wataalamu wa Ulaya walipendekeza jingine, linalosema tu kuwa mgonjwa yu macho na haitiki. Kiswahili nacho kina mtego wake. Neno “fahamu” hubeba mambo mawili, kuwa macho na kutambua. Ndugu anayesema “amerejewa na fahamu” kwa kuona macho yamefumbuka hasemi uongo, ila kitabibu amesema zaidi ya alichokiona. Kwa hiyo hapa ninatenganisha “kuwa macho” na “utambuzi”.

Mwaka 2006, Adrian Owen na wenzake walichapisha habari za mwanamke wa miaka 23 aliyeumia katika ajali ya barabarani na kuonekana hana utambuzi. Akiwa ndani ya mashine ya MRI aliambiwa awaze kwamba anacheza tenisi, kisha kwamba anatembea katika vyumba vya nyumbani kwake. Sehemu za ubongo wake zilizoamka zilifanana na za watu wenye afya. Wapo waliopinga kuwa neno “tenisi” pekee laweza kuamsha ubongo bila kusudi. Hata hivyo, mwitiko ulidumu kwa sekunde 30 za kila zoezi. Katika utafiti wa mwaka 2010 uliofanyika Cambridge na Liège, wagonjwa 5 kati ya 54 waliweza kufanya hivyo, na mmoja alijibu maswali kama la jina la baba yake, taswira moja ikiwa “ndiyo” na nyingine “hapana”.

Wengi huhitimisha haraka: kama yumo ndani, hatuna ruhusa ya kusitisha tiba. Hitimisho hilo halifuati. Mwaka 1993 majaji wa juu wa Uingereza waliruhusu kusitishwa kwa tiba ya Tony Bland, aliyeumia Hillsborough mwaka 1989, kwa kuwa hakuwa na utambuzi wowote wa kumfanya anufaike nayo. Lakini ikiwa ukosefu wa utambuzi uliruhusu kusitisha, haina maana kwamba uwepo wake unakataza. Guy Kahane na Julian Savulescu walionesha mwaka 2009 kwamba utambuzi waweza hata kuongeza nguvu ya hoja ya kusitisha, maana asiyetambua hateseki, na anayetambua huenda anateseka kimyakimya.

Nakubaliana nao nusu. Hoja yao inamtazama mgonjwa zaidi kama mahali pa raha na maumivu. Anayeshikilia agizo kwa nusu dakika ni mtu anayeweza kuulizwa, na hilo, kwa maoni yangu, ndilo badiliko kubwa la kimaadili: mizani ya ustawi wake haipaswi kushikwa na sisi peke yetu. Isitoshe, sisi wa nje hukosea kukadiria. Katika utafiti wa mwaka 2011 wa watu wenye utambuzi kamili waliopooza karibu mwili mzima, 47 kati ya 65 walisema wana furaha. (Waliojibu si lazima wawawakilishe walionyamaza.)

Hata hivyo, kutaja jina la baba si kuweza kuamua juu ya uhai wako. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2005 inataka mtu aelewe taarifa, aikumbuke, aipime na awasilishe uamuzi. Kupima hakuonekani katika “ndiyo” moja. Kwa hiyo naona wajibu wa kwanza ni kuuliza yanayoweza kusahihishwa: unaumwa? ugeuzwe? Na mashine isipoonesha kitu, jibu hilo nalo lisomwe kwa tahadhari, kwani mgonjwa huenda amelala, hasikii, au hakuielewa lugha aliyosemeshwa.