Umma ni nani? Swali alilotuachia Wangari Maathai

Mnamo Desemba 1989, Mahakama Kuu jijini Nairobi ilimwambia Profesa Wangari Maathai kwamba hakuwa na haki ya kushtaki. Alikuwa amekwenda mbele ya Jaji Norbury Dugdale kuomba amri ya kuzuia ujenzi wa jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru Park, jumba ambalo lingekuwa makao ya gazeti la Kenya Times la chama tawala cha KANU, likiwa pamoja na sanamu kubwa ya Rais Daniel arap Moi. Mahakama iliona kwamba mama huyu hakudhurika kwa namna ya pekee, na kwamba mwenye kuutetea umma katika shauri la aina hiyo ni Mwanasheria Mkuu. Msomaji akumbuke kwamba Mwanasheria Mkuu ndiye mshauri wa serikali, na serikali ndiyo iliyoutaka mradi.

Sisi tunaofundisha isimu tunapaswa kuusoma uamuzi huo kwa makini zaidi ya mawakili. Ndani yake neno umma lilibaki gamba tupu. Bustani ilikuwa ya kila mtu, na kwa sababu ni ya kila mtu, hakuna mtu hata mmoja aliyeruhusiwa kusema ni yake. Wengi walimkumbuka Wangari Maathai kwa miti alipofariki tarehe 25 Septemba 2011, na miti anastahili kukumbukwa nayo. Lakini nadhani kazi yake kubwa kuliko zote ilikuwa kulitia watu neno hilo lililokuwa tupu.

Tuangalie kwanza lilikotoka. Sheria za ardhi za kikoloni za 1902 na 1915 ziliita ardhi kubwa ya nchi hii Ardhi ya Taji, yaani ya mfalme wa Uingereza. Ile ya 1915 ilijumuisha hata ardhi waliyokuwa wakiishi Waafrika wenyewe. Uhuru ulipopatikana, taji liliondolewa katika sheria na mahali pake pakaandikwa serikali. Kilichobadilika ni jina la mwenye mali, si mantiki ya umiliki. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Serikali, Rais alikuwa na mamlaka ya kumgawia amtakaye. Hadi leo, ukiwauliza wanafunzi wa mwaka wa kwanza Uhuru Park ni ya nani, aghalabu watakujibu pasipo kusita: ni ya serikali. Jibu hilo lina umri wa zaidi ya miaka mia moja.

Mwaka 1989 Maathai alianza kwa barua. Aliandika kwa gazeti lenyewe, kwa ofisi ya Rais, kwa mashirika ya Umoja wa Mataifa, na kwa balozi wa Uingereza, akiuliza kama Waingereza wangekubali jumba kama hilo lijengwe katika Hyde Park. Hakuomba hisani. Aliandika kama mtu anayeulizia mali yake, na hapo ndipo kosa lake lilipoonekana. Bungeni, Novemba mwaka huohuo, wabunge waliacha shughuli zao wakamjadili yeye. Shirika lake la Green Belt Movement likaitwa kundi la wanawake waliotalikiwa. Rais naye alisema kwamba kwa mila za Kiafrika mwanamke huwaheshimu wanaume na kunyamaza, na baadaye kwamba wanaoupinga mradi wana wadudu vichwani. Mwalimu wa insha angeweza kulitumia tukio hilo darasani kwa mwaka mzima. Swali lilikuwa moja tu, bustani ni ya nani, na katika majibu yote hayo halikuguswa. Walizungumzia ndoa yake.

Wafadhili wa ng'ambo walijitoa, mradi ukafa, na uzio ukaondolewa Februari 1992. Mwishoni mwa mwezi huohuo kina mama wa wafungwa wa kisiasa walianza kufunga kula katika pembe ya bustani hiyohiyo, Maathai akiwa pamoja nao, wakapaita mahali hapo Freedom Corner. Polisi waliwapiga tarehe 3 Machi, yeye akazirai, na kina mama wakahamia Kanisa Kuu la All Saints lililo hatua chache tu kutoka pale. Kisha likaja suala la msitu wa Karura, uliokuwa umegawiwa watu binafsi vipande vipande. Januari 1999 walinzi wa kukodiwa walimpasua kichwa alipokwenda kupanda mti, naye akatia sahihi taarifa yake ya polisi kwa damu yake mwenyewe. Mwezi wa Agosti mwaka huo Rais alitangaza kusimamisha ugawaji wa ardhi ya umma.

Hayo yote aliyafanya kabla ya kuwa mbunge. Watu wa Tetu walimpeleka bungeni Desemba 2002 kwa asilimia 98 ya kura, akateuliwa Waziri Msaidizi wa Mazingira, na akakaa bungeni kipindi kimoja tu. Sipendi kukikuza kipindi hicho kupita kiasi; cheo cha waziri msaidizi kilikuwa kidogo, na Tuzo ya Amani ya Nobel ya 2004 ilimpa sauti kubwa zaidi kuliko kiti chake. Hata hivyo Sheria ya Misitu ya 2005 ilipita katika miaka hiyo, ikazipa jamii zinazopakana na misitu nafasi katika kuitunza. Tume ya Ndung'u nayo, katika ripoti yake ya 2004, ilikadiria kuwa hati zipatazo 200,000 za ardhi zilitolewa kinyume cha sheria. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Mali hii ilipotea kwa daftari.

Ushindi wenyewe ulikuja katika Katiba ya 2010. Ibara ya 61 inasema ardhi yote ni ya watu wa Kenya. Ibara ya 70 inampa mtu yeyote ruhusa ya kwenda mahakamani kutetea haki ya mazingira safi, bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye au mwingine amepata hasara. Iweke ibara hiyo kando ya uamuzi wa 1989, na utaona jibu kwa Jaji Dugdale, limechelewa miaka 21.

Je, tumekwisha kulijaza neno? La. Tazama mugumo ulio kando ya barabara ya Waiyaki Way, huko Westlands. Mwaka 2020 mti huo wenye umri wa karne moja hivi ulikuwa uondolewe kupisha barabara ya juu ya Nairobi. Wananchi wakalalamika, na Novemba Rais Uhuru Kenyatta akatoa amri usikatwe. Tulifurahi, na ilikuwa haki kufurahi. Lakini tuliokoa mti wa umma kwa neno la mtu mmoja, mamlaka yaleyale ambayo zamani yaliigawa bustani.

Mugumo katika maisha ya Maathai una habari ndefu zaidi. Katika kumbukumbu zake anasimulia jinsi mama yake, kijijini Ihithe, alivyomkataza kuokota kuni za mti huo kwa kuwa ni mti wa Mungu. Hapakuwa na hati wala mlinzi. Palikuwa na neno lililoeleweka na watu wote. Baada ya kurudi kutoka Marekani alikuja kuukuta umekatwa, na kijito kilichokuwa karibu nao kimekauka. Huyu ni msichana yuleyule aliyesoma katika shule ambako mwanafunzi aliyezungumza lugha ya kwao alivalishwa kidude cha aibu, desturi ambayo walimu wenzangu wanajua haijafa. Katika kitabu chake cha mwaka 2009 alikataa kuziita jamii zetu makabila, akaziita mataifa madogo, na akatetea lugha zao. Kwake, lugha ya mama na msitu vilikuwa na adui mmoja.

Kwa sababu hiyo nashangaa wanapomtaja kama ngao wale wanaotaka kuwatoa watu wa jamii asilia misituni. Shauri la Waogiek wa Mau lilifikishwa katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha. Tarehe 26 Mei 2017 mahakama hiyo ilikataa hoja kwamba kuhifadhi msitu ni sababu ya kutosha ya kuwafukuza, na Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia na ardhi yao ipimwe na kuandikishwa. Novemba 2023 nyumba zao zilibomolewa tena.

Ugumu umo katika maneno ya Katiba yenyewe. Ibara ya 62 inaiweka misitu ya serikali katika ardhi ya umma. Ibara ya 63 inaziweka ardhi za mababu na za jamii za wawindaji katika ardhi ya jamii. Msitu mmoja unaweza kuitwa kwa majina yote mawili, na anayechagua jina ndiye anayechagua nani ahame. Ningependa mwalimu wa Kiswahili wa kidato cha tatu aziandike ibara hizo mbili ubaoni, kisha awaulize wanafunzi kama Mwogiek ni sehemu ya umma unaolindiwa msitu, au ni kitu ambacho umma unalindwa nacho.

Majivu ya Maathai yamezikwa Upper Kabete, upande wa magharibi wa jiji, katika taasisi ya Chuo Kikuu cha Nairobi yenye jina lake. Aliagiza asizikwe katika jeneza la mbao, akatengenezewa la mianzi, mafunjo na magugumaji. Ibada ya kumuaga, tarehe 8 Oktoba 2011, ilifanyika Uhuru Park, na hakuna aliyeulizwa mlangoni kama ana haki ya kuingia.