Kompyuta inavyoiga kasoro za vinanda vya kale

KWA miaka mingi, wahandisi wa sintesaiza, yaani vinanda vinavyounda sauti kwa umeme, walijitahidi kuziondolea kasoro. Siku hizi wataalamu wa kompyuta wanajitahidi kuzirejesha kasoro zizo hizo.

Mfano ni Minimoog, iliyoanza kuuzwa nchini Marekani mwaka wa 1970 na kampuni ya mhandisi Robert Moog. Ala hiyo ina vyanzo vitatu vya sauti, ambavyo mawimbi yake hupitia kichujio cha transista.

Saketi zake ziliathiriwa na joto, hivyo sauti ikapanda au kushuka kidogo kidogo. Aidha, mawimbi yalipozidi nguvu, transista ziliyabana na kuyapinda. Wanamuziki wengi waliona kuwa humo ndimo ulimokuwa utamu wake.

Minimoog za awali zilikoma kuundwa mapema miaka ya 1980, na zilizosalia zikawa ghali. Baadaye, kampuni ya Arturia ya Ufaransa ilitoa programu ya kuiga ala hiyo.

Programu ya aina hii haichezi sauti zilizorekodiwa, bali hukokotoa upya mwenendo wa saketi. Kazi hiyo si rahisi. Umeme hutiririka bila kukatika, ilhali kompyuta huhesabu wimbi kwa hatua, kwa mfano mara 44,100 kila sekunde.

Katika kichujio, sehemu ya sauti inayotoka hurudishwa mwanzoni papo hapo. Kompyuta ikingoja hatua inayofuata ndipo iirudishe, kuchelewa huko kudogo hubadilisha sauti. Tiba mojawapo ni kuongeza idadi ya hatua, lakini mzigo wa kompyuta nao huongezeka.

Manufaa yake ni bayana. Mnamo Machi 2020, watu walipofungiwa nyumbani kutokana na Covid-19, kampuni ya Moog iliitoa bure kwa muda programu yake ya Minimoog ya simu za iPhone.

Hata hivyo, programu nayo huzeeka. ReBirth, programu ya Sweden ya miaka ya 1990 iliyoiga mashine za Roland, ilikomeshwa mwaka wa 2005.

Minimoog ikiharibika, fundi anaweza kubadilisha transista na kutia lehemu. Programu iliyoachwa na kampuni yake haina fundi wa mtaani. Kompyuta mpya zikishindwa kuifungua, sauti yake hunyamaza, na nyimbo zilizoitegemea haziwezi kuchezwa upya kama zilivyotungwa.