Mtoto hatulii darasani? Ulizeni fomu kabla ya kumtoa skuli

Mtoto anayeinuka kitini kila mara, anayesahau daftari nyumbani na kujibu swali kabla mwalimu hajalimaliza, kwetu huitwa mtundu. Madaktari wanaiita hali hiyo ADHD: umakini haukai, na kujizuia ni kazi nzito kwake. Dalili huanza kabla ya miaka 12, tena huonekana nyumbani na skuli, si mahali pamoja tu. Msichana mkimya, mawazo yake nje ya dirisha, naye anaweza kuwa nayo. Huyo ndiye anayesahauliwa.

Hapa Johannesburg, jamaa zetu waliohamia Mayfair na Fordsburg huniuliza: mwalimu, skuli wanasema mtoto hashiki kitu, tumtoe? Msimtoe. Ulizeni kwanza fomu ya SIAS. Hiyo ni sera ya serikali ya mwaka 2014. Mwalimu wa darasa anaandika, mzazi akishirikishwa, mtoto anaweza nini, anakwama wapi na atasaidiwa vipi. Isipotosha, jambo linakwenda kwenye kamati ya msaada ya skuli, halafu wilayani. Hata kwenye mitihani anaweza kuombewa muda wa ziada au chumba cha peke yake. Lakini usipouliza, mwaka unapita hivi hivi.

Nilipokuwa nasomesha, mtoto kama huyu nilimkalisha mbele, mbali na mlango. Hesabu kumi nilimpa mbili mbili. Kisha nikamwambia, baba, nifutie ubao, nipelekee daftari hizi ofisini. Anatembea, anapumua, na wenzake hawamcheki. Hiyo ya ubao sijaona mfano wake.

Fimbo je? Sisi tuliosoma skuli za misheni tunaijua vizuri. Hapa ilipigwa marufuku na sheria ya skuli ya 1996. Mwaka 2000 Mahakama ya Katiba, iliyopo mji huu huu, ilizikatalia skuli za Kikristo zilizotaka kuchapa kwa idhini ya wazazi. Kwa hiyo lile neno letu, "mchape tu mwalimu, nimekuruhusu", halina kazi hapa.

Dawa ni shauri la daktari. Ila mkija likizo Dubai na Ritalin mkobani, jueni kwamba Emirates inaidhibiti. Ombeni kibali kabla ya safari, na cheti cha daktari mkibebe mkononi.