Kiingereza Kizito Kiko Kwenye Ripoti ya Ukame

Mtoto wa Isiolo mjini, nchini Kenya, huingia darasani akiwa na lugha mbili, wakati mwingine tatu. Nyumbani ni Kiborana, Kisomali, Kisamburu, Kiturkana au Kimeru. Sokoni na mtaani Bulla Pesa ni Kiswahili. Kiingereza anakikuta shuleni, na kuanzia darasa la nne ndicho kinachobeba karibu kila somo. Utaratibu huo una mizizi katika ripoti ya elimu ya Gachathi ya 1976, iliyopendekeza madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha ya eneo. Ana kazi kubwa mtoto huyu, lakini kujifunza lugha si jambo geni kwake, na hilo ni hazina ambayo watu wa kwetu hawaihesabu.

Ugumu wenyewe huanza akishamaliza shule. Sisi tulio ng'ambo tunapigiwa simu na wadogo zetu, na swali ni lile lile: nifanye nini nipate Kiingereza kizito? Mmoja anaomba nafasi ya chuo. Mwingine ni muuguzi anayetazamia kwenda Uingereza, ambako baraza la wauguzi linadai alama 7 katika mtihani wa Kiingereza wa IELTS kwa kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 kwa kuandika. Kiingereza cha kawaida wanacho. Wakisoma taarifa ndefu, wanakwama.

Ushauri tunaowapa mara nyingi ni kukariri: chukua kamusi, andika maneno makubwa mia moja, yashike kwa moyo. Ushauri huo ni mbovu, na tuuache. Kijana hushika neno adimu akalipachika katika kila insha, mahali pake na pasipo pake. Wenzake wakamsifu kwa kumwaga ung'eng'e, lakini mtahini anaona mara moja kwamba neno hilo halijazoeana na maneno linaloandamana nayo.

Wataalamu wameupima msamiati wa Kiingereza kwa makini. Michael West alitoa mwaka 1953 orodha ya maneno kama 2,000 ya matumizi ya kila siku, na haya mwanafunzi wetu anayapata shuleni. Mwaka 2000 Averil Coxhead wa New Zealand alikusanya familia 570 za maneno ya kitaaluma. Familia hapa ni neno na jamaa zake, kama vile soma, msomaji, masomo na somesha. Familia hizo 570 peke yake huchukua takriban asilimia 10 ya maandishi ya chuo kikuu. Naye Paul Nation alikadiria mwaka 2006 kwamba kusoma gazeti au riwaya bila msaada kunahitaji familia 8,000 hadi 9,000. Safari ni ndefu, ndiyo, lakini maneno yanayomkwamisha muuguzi wetu kwanza ni yale ya katikati, ya kitaaluma. Hayo si adimu hata kidogo. Yamejaa kwenye ripoti, sera na vitabu vya kiada.

Utafiti unaonyesha pia kwamba msomaji huelewa vizuri na kubahatisha maana kwa usahihi anapofahamu asilimia 98 ya maneno, yaani anapokutana na neno geni moja tu katika kila hamsini. Ndiyo maana kumpa kijana kitabu cha sheria za Uingereza ni kumwonea. Apewe maandishi magumu juu ya jambo analolijua.

Na maandishi hayo yapo. Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame, NDMA, hutoa kila mwezi taarifa ya hali ya ukame kwa kaunti kame, Isiolo ikiwemo. Inapatikana bure mtandaoni, kwa Kiingereza rasmi. Ndani yake mna mvua, malisho, umbali wa kwenda majini, maziwa yanayopatikana kwa kaya, na mbuzi mmoja ananunua kilo ngapi za mahindi. Kijana wa Merti au Garbatulla aliyepitia misimu mitano mfululizo ya mvua kukosekana, kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, halijui jambo hili kwa kusimuliwa. Lugha ndiyo ngeni kwake, habari ni yake.

Tazama mfano mmoja. Taarifa hizi hupenda kusema kwamba upungufu wa maziwa ni "attributed to" uhaba wa malisho. Kijana anajua "because of" tangu shule ya msingi. Sasa anaona namna ya kiofisi ya kusema jambo lile lile, na anaona kwamba neno hilo huja na "to" nyuma yake, na mbele yake hutangulia tokeo, si sababu. Mwezi unaofuata analikuta tena, safari hii kwenye bei ya ng'ombe. Kufikia taarifa ya nne halisomi tena kwa kamusi.

Daftari lisaidie, lakini lisiwe kaburi la maneno. Aandike sentensi nzima, si neno na maana yake, kisha atunge yake kuhusu jambo jingine, tuseme wadi ya hospitali. Airudie kesho, baada ya siku tatu, baada ya wiki, kwa sababu tangu Hermann Ebbinghaus alipochapisha majaribio yake mwaka 1885 inajulikana kwamba marudio yaliyoachanishwa hukaa akilini zaidi kuliko ya usiku mmoja. Maneno machache kwa wiki yanatosha, mradi ayatumie kwa mdomo pia.

Hapo kwenye mdomo ndipo sisi tunapoingia. Isiolo kijana anapata Kiswahili kila kona, lakini mtu wa kuzungumza naye Kiingereza cha taarifa na hoja ni nadra kumpata. Wewe uliye Minneapolis, London au Doha unatumia Kiingereza hicho kazini kila siku. Ukimpigia mdogo wako mwishoni mwa wiki, mkishamaliza habari za nyumbani, mwambie akueleze kwa Kiingereza taarifa ya ukame ya mwezi huo. Msikilize hadi mwisho kabla ya kumsahihisha. Na pale ulipozoea kumtumia kamusi, mtumie pesa za bando za kupakua taarifa inayofuata.