Kichwa chenye Mba Hakitaki Mafuta

Mafuta si dawa ya mba. Nasema hivi kwa kuwa mimi ni msusi hapa Ngamiani, Tanga, na mwenyewe nina ukurutu wa kichwani, yaani mba kali, tangu usichana wangu.

Wengi tumelelewa tukiamini kwamba kichwa kinachotoa magamba kimekauka, basi kipakwe. Bibi alinipaka mafuta ya nazi kila jioni, kwa mapenzi yake yote. Magamba yalilowa, yakajificha, na kabla ya wiki kwisha kichwa kiliwaka kuliko mwanzo. Sababu yake ni kuvu iitwayo Malassezia, ambayo huishi kwenye ngozi ya karibu kila binadamu, mzima na mgonjwa. Chakula chake ni mafuta ya ngozi, na ikishakula huacha asidi ambayo ngozi za baadhi yetu haziivumilii: zinawasha, zinavimba, zinamwaga magamba ya manjano yenye kunata. Ndiyo maana ugonjwa hupenda penye mafuta mengi: utosini, nyuma ya masikio, kwenye nyusi na pembeni mwa pua. Kumpaka mwenye mba mafuta ya nazi au ya zeituni ni kuipakulia kuvu hiyo sahani ya pili. Uchafu hausababishi ugonjwa huu, wala ugonjwa wenyewe hauambukizwi kwa kitana.

Kwa ngozi nyeusi usisubiri wekundu. Kwetu mabaka hupauka, hasa kwenye ukingo wa nywele, au huwa meusi zaidi.

Dawa ninayoitegemea ni shampuu ya ketoconazole ya asilimia 2, inayopatikana famasi. Wanaosema haifanyi kazi, wengi wao huipaka kwenye nywele na kuisuuza papo hapo. Gawa nywele mafungu, ifikishe kwenye ngozi kwa ncha za vidole, bila kucha, iache dakika 5, ndipo usuuze. Kwa kawaida huoshwa mara 2 kwa wiki, kwa wiki 2 hadi 4, kisha mara moja kila wiki moja au mbili ili mba isirudi. Nywele zetu hukauka upesi, kwa hiyo wengine hushauriwa waoshe mara moja tu kwa wiki. Kilainisho kipakwe kwenye nywele zenyewe, kisifike kwenye ngozi. Pakiwa pamevimba, daktari huongeza losheni ya steroidi kwa muda mfupi. Usijinunulie, maana ikitumika ovyo huifanya ngozi iwe nyembamba. Vidonge vya ketoconazole usivimeze kabisa kwa ajili ya mba. Vinaweza kuliumiza ini.

Linaloniuma zaidi ni aibu. Mteja anafungua mtandio nusu, anaangalia mlangoni, ananinong'oneza: "Dada, nisukie rasta upesi, zifunike." Namwelewa, lakini simsuki siku hiyo. Rasta zikikaa miezi miwili juu ya ngozi inayowaka, dawa haifiki na mikwaruzo hugeuka vidonda. Ukurutu ukishatulia namsukia mistari mikubwa isiyobana, aoshe ngozi iliyo katikati yake kwa chupa yenye mdomo mwembamba, na aifumue baada ya wiki chache. Dawa ya kunyoosha nywele siigusishi kwenye kichwa chenye michubuko, hata akinibembeleza vipi.

Si kila kichwa kinachowasha kina mba. Piko nyingi zina kemikali ya PPD, na mwenye mzio nayo anaweza kuvimba kichwa hadi macho yakafunga. Huyo akimbizwe hospitali, na asiguse piko tena maishani. Mtoto wa shule mwenye mabaka ya duara yaliyokatika nywele huenda ana mapunye. Hayo yanaambukiza, na yanataka vidonge vya kumeza vilivyoandikwa na daktari. Krimu peke yake haiyamalizi. Mzazi wa kichanga mwenye utando kichwani hana haja ya kuogopa: utando huo kwa kawaida huondoka wenyewe ndani ya miezi michache. Mtu mzima ambaye mba imemlipukia ghafla, kali, isiyosikia dawa, naomba apime na VVU, kwa kuwa wakati mwingine hiyo huwa dalili ya mapema.

Wataalamu wapo. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kilianza mwaka 1992, na kimefundisha matabibu wa nchi nyingi za Afrika. Waendee hao, maana anayekuuzia chupa kwa ahadi kwamba mba haitarudi milele anakudanganya. Ugonjwa huu hutulizwa, nao hurudi ukiachiwa, hasa wakati wa mawazo mengi na uchovu.

Wasusi wenzangu, sisi ndio tunaoviona vichwa hivi kabla ya daktari. Msimcheke mteja, msimpake mafuta, na msisuke juu ya vidonda. Mwelekezeni hospitali, kisha mwambieni kiti chake kipo akitulia.