Kipimo na Ushahidi: Chimbuko la Jiografia kwa Wagiriki wa Kale

Neno jiografia lina asili ya Kigiriki: gē, yaani dunia, na graphein, yaani kuandika au kuchora. Anayehesabiwa kulianzisha ni Eratosthenes wa Cyrene, msimamizi wa maktaba ya Alexandria katika karne ya 3 KK. Vitabu vya kiada humkumbuka kwa hesabu yake ya mzingo wa dunia. Adhuhuri ya siku ambayo jua hufika kaskazini kabisa, kivuli hakikuonekana Syene. Alexandria kilionyesha pembe ya sehemu moja ya hamsini ya duara. Umbali baina ya miji hiyo ulikadiriwa kuwa stadia 5,000, hivyo mzingo ukawa stadia 250,000.

Sifa hiyo anaistahili. Hata hivyo, makala haya yanashikilia kuwa taaluma hii ilikomaa kutokana na swali gumu zaidi ya kipimo: ushahidi wa nani uingie katika ramani? Eratosthenes alimkataa Homer, kwa hoja kwamba mshairi hulenga kuburudisha, si kufundisha. Hipparchus naye alimkosoa Eratosthenes, akitaka mahali pathibitishwe kwa kutazama anga badala ya kutegemea masimulizi ya wasafiri. Baadaye Strabo alimtetea Homer na kumwita mwasisi wa jiografia.

Ptolemy, katika karne ya 2 BK, aliafikiana na Hipparchus, ila vipimo vya anga alivyokuwa navyo vilihusu miji michache mno. Pwani ya Afrika Mashariki inalidhihirisha tatizo hilo. Habari za Rhapta alizitoa kwa Marinus wa Tyre, aliyezipokea kutoka kwa mabaharia. Mmoja wao, Theophilus, alisafiri kutoka Rhapta kwa upepo wa kusini, akafika Aromata, kwenye eneo la Ras Asir ya leo, siku ya 20. Ptolemy alimlaumu Marinus kwa kugeuza siku kuwa masafa ilhali upepo hubadilika. Nahodha yeyote wa jahazi angemuunga mkono. Pamoja na lawama hiyo, yeye mwenyewe aliipa Rhapta nyuzi za latitudo na longitudo, akaziorodhesha kwa namna ileile ya miji iliyopimwa kwa anga. Mtafiti anayeitafuta Rhapta kwa kuzifuata nyuzi hizo, kwenye delta ya Rufiji au kwingineko, kwa hakika anafuata hesabu ya siku za tanga.